Filamu za Nyumbani Nilizomchagulia Dada Yangu

Dada yangu mkubwa anaishi Ujerumani kwa mwaka wa 19 sasa, na watoto wake watatu wamezaliwa huko. Likizo yao ilipokaribia alinitumia ujumbe wa sauti akiomba nimchagulie filamu zilizotengenezwa Tanzania na Watanzania, ambazo zingewaonyesha wanawe nchi ya mama yao ilivyo na watu wake wanavyoishi. Aliongeza sharti moja. "Mdogo wangu," alisema, "usiniletee simba. Simba wanawajua. Wasichokijua ni jinsi mtu anavyobisha hodi."

Sharti hilo lilinifanya nizipitie upya filamu zote za nyumbani nilizowahi kuzipenda, nikizitazama kwa jicho la mtoto asiyewahi kukanyaga vumbi letu. Niliyoyaandika hapa ni matokeo ya jioni nyingi za kuangalia, kusimamisha, kurudisha nyuma na kuangalia tena.

Tukubaliane kwanza kwamba mandhari ya Tanzania hayajawahi kukosa wapiga picha. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, ya mwaka 1959, ilipata Tuzo ya Oscar. Mwaka 1962 ikatoka Hatari!, filamu ya Hollywood iliyopigwa kando ya Arusha na Momella, John Wayne akikimbiza vifaru kwa gari. Mwaka 2022 tulipata The Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe anamwongoza mgeni kutoka Zanzibar hadi mbugani. Kila moja ina kazi yake, na ile ya mwisho imefanya kazi ya kuita watalii kama ilivyokusudiwa. Lakini katika zote hizo ardhi inatazamwa na mtu anayepita. Mlima ni wa kupigia picha, bahari ni ya kuogelea, na yule mkazi anayeonekana mara moja akipunga mkono hatumjui jina, hatujui shamba lake liko upande gani wa mto, wala hatujui anamdai nani na anadaiwa na nani.

Upande wa pili tuna filamu zetu za Bongo Movie, ambazo zilishamiri tangu miaka ya 2000 kwa kuuzwa katika kanda za video na baadaye DVD kutoka maduka ya Kariakoo. Nazipenda, na nakumbuka umati uliojaa viwanja vya Leaders Club pale Kinondoni mwezi Aprili 2012 kumuaga Steven Kanumba, umati ambao ulimwonyesha kila aliyekuwa na shaka kwamba wananchi walikuwa wamekwisha kuwachagua waigizaji wao. Zinazungumza lugha yetu, zinagombana kama tunavyogombana. Hata hivyo nyingi kati ya hizo zimefungiwa sebuleni. Sababu yake ni fedha na muda: nyumba moja ya kuazima, siku chache za kupiga picha, taa mbili tatu, na nje kuna kelele za bodaboda zinazoharibu sauti. Matokeo yake ni kwamba unaweza kuangalia filamu kumi mfululizo, zenye sofa kumi na mapazia kumi, usijue kama nyumba iko Sinza, Mwanza au Mbeya.

Kipimo nilichokitumia kimetoka hapo. Kila filamu niliiuliza: ukiihamisha hadithi hii ukaipeleka mji mwingine, itasimama? Ikiwa itasimama bila kuyumba, basi mahali palikuwa pambo tu. Ikiwa itaanguka, basi mahali pamefanya kazi ndani ya hadithi, na mtoto wa Ujerumani ataondoka na kitu.

Iliyoupita mtihani huo kwa mbali kuliko zote ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, na ndiyo maana nitakaa nayo kwa muda mrefu. Filamu hii iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwezi Septemba 2021, na ambayo mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuiwakilisha kwenye mashindano ya Oscar, imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Kwa wengi wetu tuliopita kidato cha tano na cha sita, riwaya hiyo ilikuwa kitabu cha mtihani kabla ya kuwa kitabu cha kupendwa: tulifundishwa kuorodhesha dhamira zake, tukasahau kuisikia. Mandhari yake ni Unguja ya miaka ya 1950, wakati Waingereza wakiwa wamebakiza miaka michache na vijana wakiwa wameanza kusema hadharani yale ambayo wazee wao waliyasema kwa minong'ono. Yasmin, binti wa Kihindi aliyelazimishwa kuolewa na mwanamume mwenye umri wa kumzaa, anaikimbia ndoa hiyo na kutafuta hifadhi kwa shoga yake Mwajuma. Njiani maisha yake yanakutana na ya Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa kikoloni.

Muhtasari huo unaifanya ionekane hadithi ya mapenzi iliyowekewa siasa pembeni. Ukiiangalia unaona kwamba mji ndio unaowasukuma wote watatu. Mji Mkongwe wa Unguja ni mji wa kuta nene na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane ukutani, mji ambao jirani anaweza kusikia mazungumzo yako bila kutega sikio, na ambao baraza za mawe zilizojengwa nje ya nyumba zimewekwa makusudi ili wenyeji wakae waone nani kapita, kapita na nani na kapita saa ngapi. Katika mji wa namna hiyo, binti anayetoka usiku bila ruhusa ametenda tendo la hadharani hata kama hakuna aliyemwona. Shivji na wapiga picha wake wamelielewa jambo hili. Kamera haipandi juu kutuonyesha mapaa na bahari kama kadi ya posta. Inabaki chini, kwenye kimo cha mtu anayetembea, na vichochoro vinafanya kazi yake ya kuficha na kufichua. Giza la filamu hii limepigwa kwa upendo mkubwa. Kuna mwanga wa taa unaoangukia ukuta uliobabuka chokaa ambao mimi, niliyelala usiku mwingi utotoni katika nyumba ya shangazi yangu Malindi ya Unguja, niliutambua kabla sijajua naangalia nini.

Jambo la pili ni Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Mtu aliyezoea matangazo ya watalii anadhani Zanzibar mjini ni Mji Mkongwe peke yake, na hata UNESCO ilipouandika mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, macho yalielekezwa kwenye milango ya nakshi na majumba ya mawe. Yasmin anakimbilia upande ule ambao haupo katika kadi hizo, upande wa nyumba za udongo na makuti, wa wachukuzi na wapishi, wa ngoma na mikutano ya siri. Ni upande huo uliomlea Siti binti Saad, yule mwimbaji aliyetoka kijiji cha Fumba akaja mjini akiuza vyungu, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sauti yake katika santuri. Kwa hiyo filamu inapomfanya Mwajuma kuwa mwimbaji wa taarab, imeshika uzi wa kweli: katika mji ule mwanamke wa Ng'ambo aliyeimba alikuwa na uhuru wa kusema ambao mke wa tajiri mwenye nyumba ya ghorofa tatu hakuwa nao.

Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki hasa, kiongozi wa kundi la Siti and the Band, na uamuzi wa kumpa yeye nafasi hiyo ndio uamuzi bora kuliko yote katika filamu nzima. Anapoimba, hakuna anayeigiza kuimba. Pumzi inapandia pale inapopaswa kupandia, na jicho lake linamtafuta mtu fulani miongoni mwa wasikilizaji kama lifanyavyo jicho la mwimbaji wa taarab anayefikisha ujumbe bila kumtaja mwenye ujumbe. Niliiangalia mara ya kwanza katika ukumbi wa Dar es Salaam, nyuma yangu akiwa amekaa mama mmoja wa makamo aliyevaa baibui la kizamani, na kila Mwajuma alipofungua kinywa yule mama aliitikia kwa sauti ya chini, "Ehee, mwambie." Ningependa wana wa dada yangu wasikie filamu ikiitikiwa vile.

Ikhlas Gafur Vora, anayemwigiza Yasmin, ana uso unaojua kunyamaza. Katika filamu zetu nyingi mhusika mwenye huzuni hulia mpaka mtazamaji akachoka. Huyu anabaki kimya, anakunja upindo wa mtandio, na wewe unajua. Gudrun Columbus Mwanyika, kama Denge, ana umbo na mwendo wa mtu anayeamini jambo, ingawa mswada haumpi maneno mengi ya kuliamini. Na hapa ndipo penye upungufu ninaouona. Riwaya ya Adam Shafi imejaa mazungumzo. Vijana wake wanabishana, wanataniana, wanatukanana kwa upendo, wanacheka njaa yao wenyewe, na siasa inatoka humo humo katika ubishi wa barazani. Filamu ya dakika 90 na ushei haiwezi kubeba yote hayo, naelewa, lakini imepunguza ubishi zaidi ya ilivyolazimika, ikaweka mahali pake ukimya mzuri na picha nzuri. Kuna nyakati ambazo picha imepangwa kwa umaridadi mno, rangi ya kanga ikilingana na rangi ya dirisha, mpaka nikatamani mtu apite katikati amebeba gunia aivuruge. Mzanzibari wa miaka ya 1950 hakuwa mtu mkimya. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno hayo ni sehemu ya mandhari ya Unguja kama ulivyo mnazi.

Pamoja na hayo, Kiswahili kilichobaki humo ni Kiswahili cha mahali. Mtu anabisha hodi akiwa amekwisha kusimama mlangoni, anasubiri, anaitikiwa karibu, anavua viatu, anaulizwa habari za nyumbani kabla ya kuulizwa kilichomleta hata kama uso wake unaonyesha amekuja na msiba. Dada yangu alikipata alichokitaka.

Kutoka hapo nilimpeleka Dar es Salaam, kwa filamu ya awali ya mwongozaji huyohuyo. T-Junction ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, ZIFF, mwezi Julai 2017, na kwa maoni yangu inastahili watazamaji wengi kuliko iliowapata. Binti aitwaye Fatima anaomboleza baba ambaye hakuwa na uhusiano wa karibu naye. Hospitalini anakutana na Maria, aliyejeruhiwa, na Maria anaanza kumsimulia habari za jamii ndogo iliyokuwa ikiishi na kutafuta riziki kwenye makutano ya barabara. Ni hayo tu, na ni mengi.

Mtu anayepita makutano ya Dar es Salaam ndani ya gari anaona kero: foleni, mkono unaoingia dirishani na maji ya chupa, mkono mwingine na karanga, mwingine mtupu. Maria anaigeuza ile kero kuwa kijiji. Unajifunza nani hukaa kivuli kipi na kwa nini, nani anamtunzia nani mzigo akienda msalani, chai inapikwa wapi, na siku watu wa jiji wakija kuwahamisha, nani anakimbia na nani anabaki kuokoa meza. Kwa kipimo changu cha kuhamisha hadithi, hii haihamishiki, kwa sababu imejengwa juu ya mvutano ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua: mmachinga na mama ntilie wanaohitajika na kila mtu saa sita mchana, kisha wakatangazwa wavamizi saa kumi jioni. Magdalena Christopher, kama Maria, anasimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia zamani. Hospitali nayo imeonyeshwa ilivyo: benchi refu, faili linalotafutwa, ndugu aliyeshika chupa ya uji, muda usiokwenda.

Mandhari hapa ni lami, vumbi, mabati na kelele. Dada yangu alinilalamikia kidogo kwamba hakuona bahari. Nilimjibu kwamba watu wa pale makutanoni wanaishi kilomita chache kutoka Bahari ya Hindi na wanaweza kumaliza mwezi bila kuiona, na kwamba jambo hilo nalo ni habari ya mji.

Bahari aliipata katika Aisha. Filamu hii ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Chande Omar, ilitengenezwa Pangani kwa ushirikiano wa Kijiweni Productions na asasi ya UZIKWASA ya palepale, na wakazi wa wilaya walishiriki ndani yake. Pangani ni mji ninaoupenda kupita kiasi, niseme wazi. Ni mji mdogo wa zamani penye mdomo wa mto, wenye majengo ya mawe yanayobomoka taratibu, minazi, mashamba ya mkonge nyuma yake, na kivuko kinachowavusha watu kwenda Bweni wakiwa na baiskeli, kuku na magunia. Ni hapo ambapo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, na mpaka leo mji una namna ya kukaa kimya juu ya mambo mazito.

Ukimya huo ndio shina la filamu. Aisha, mwanamke wa mjini mwenye shughuli zake, anarudi nyumbani kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, na huko anabakwa na kundi la vijana ambao mmoja wao anamfahamu. Kinachofuata ni mapambano ya kutafuta haki mahali ambapo kila mtu ni ndugu wa mtu, ambapo mzee wa mtaa anamjua baba wa mtuhumiwa, na ambapo heshima ya ukoo inapimwa kwa kiasi cha mambo yaliyofunikwa. Godliver Gordian anaibeba filamu nzima mabegani mwake. Sitakubali mtu aniambie kwamba hii ni filamu ya asasi, ya mafunzo, na kwa hiyo si sanaa. Ni kweli kwamba filamu zetu nyingi za miaka hii zimepata fedha kwa sababu zilibeba ujumbe wa afya, elimu au haki, na katika baadhi yao unamwona mhusika akisimama katikati ya ugomvi na kuanza kutoa hotuba ya semina. Aisha ina sehemu mbili tatu za namna hiyo. Lakini kwa sehemu kubwa ujumbe umeota kutoka kwenye udongo wa Pangani wenyewe, na waigizaji wasio wa kazi wanayasema maneno yao kama watu waliowahi kuyasikia majumbani mwao, kwa lafudhi ya pwani ya Tanga ambayo haikufundishwa na mtu. Harusi, kabla ya mabaya kutokea, ni harusi kweli, na wanawake wanaoimba wanazijua nyimbo.

Onyo nililompa dada nalitoa na hapa: hii si ya watoto wadogo. Mtoto wa miaka 16 anaweza kuiangalia akiwa na mzazi pembeni. Wale wadogo nilimwambia awape Fatuma ya Jordan Riber, ya mwaka 2018, inayomhusu mkulima mwanamke na binti yake. Humo shamba limepewa heshima yake. Jembe linaonekana uzito wake, mavuno yanaonekana yametoka wapi, na swali la nani anashika fedha ya mazao baada ya mwanamke kumaliza kulima linaulizwa bila kupambwa. Mwongozaji ana subira na ardhi, na kijiji chake kina watu wanaofanya kazi, wala hakioneshwi kama mahali pa kusikitikiwa.

Kuna filamu mbili za zamani ambazo nilisita kuziweka kwa sababu hazipatikani kirahisi, kisha nikaona ni dhambi kuziacha. Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985, ni filamu fupi ya zaidi kidogo ya nusu saa kuhusu mwanamke mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa kumponya na ambaye anawaogopa waganga wa jadi kwa sababu ya jambo lililompata zamani. Sijaona filamu nyingine iliyoingia kwa mganga kwa adabu kama hii. Katika filamu nyingi za nyumbani mganga ni mtu wa kutisha mwenye fuvu na kicheko, mtu wa kumfanya mtazamaji aruke kitini. Hapa mganga ni mtaalamu mwenye mgonjwa, anayeuliza maswali kabla ya kugusa dawa, na mti unaochumwa una jina na matumizi. Mtoto atakayeiona ataelewa kwamba msitu kwa mtu wa kwetu ni duka la dawa na ni kumbukumbu ya familia kwa wakati mmoja.

Ya pili ni Maangamizi, ya Martin Mhando na huyohuyo Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kwenye mashindano ya Oscar. Daktari Mmarekani mweusi anafika kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kukutana na Samehe, mgonjwa aliyekaa kimya kwa miaka mingi, ambaye anaishi chini ya ulinzi wa mhenga. Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye Samehe, na anaigiza kwa mgongo, kwa vidole, kwa namna ya kugeuza shingo. Ni filamu nzito, yenye mwendo wa ndoto, na mtu aliyezoea hadithi zinazokwenda mbio atachoka. Mimi nilichoka mara ya kwanza. Mara ya pili, nikiwa nimemzika bibi yangu mwaka uleule, niliielewa kwa njia ambayo haikuhitaji maelezo, maana humo wafu hawajaenda mbali, wako njiani kama jirani aliyetoka kidogo, na mandhari yote yamepigwa picha kana kwamba wanatuangalia kutoka humo.

Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, niliiweka mwishoni kwa makusudi. Ni hadithi nne za wanawake wanne wa Dar es Salaam ya leo, za ndoa, uzazi, fedha na maumivu ya majumbani, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kwa dada yangu kuipata kwa sababu iliingia Netflix. Imetengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu: sauti ni safi, mwanga umetulia, waigizaji wanazungumza kama watu. Kwa kipimo changu cha mahali haipati alama za juu sana, kwa kuwa sehemu ya hadithi hizo zingeweza kutokea katika mji wowote wenye magari na mikopo, lakini ina thamani ambayo zile nyingine hazina. Inawaonyesha watoto wa ughaibuni kwamba Mtanzania pia ana ofisi, ana daktari wake, ana gauni la harusi, na kwamba huzuni ya nyumba yenye kiyoyozi ni huzuni. Wapwa zangu walikuwa wanaamini, bila mtu kuwaambia, kwamba nchi yetu yote ni kijiji.

Kwa anayetaka kuziangalia kwa mpangilio, naomba asianze na Vuta N'Kuvute hata kama ndiyo bora, kwa maana ikitangulia itazifanya zinazofuata zionekane maskini. Aanze na Fatuma, kisha Binti, kisha T-Junction, aipumzishe akili siku mbili tatu, ndipo aende Unguja. Aizime lugha ya maandishi chini ya picha kama anajua Kiswahili walau cha kuombea maji, kwa sababu tafsiri inakata salamu, na salamu zetu ndizo zinazobeba nusu ya habari. Na kama ana nafasi ya kuwa Zanzibar wakati wa ZIFF, aende Ngome Kongwe jioni, akae kwenye ngazi za mawe zilizohifadhi joto la mchana, asubiri adhana iishe, picha ianze. Nimeangalia filamu katika kumbi zenye viti vya kubonyea na vipaza sauti vya bei kubwa, na katika ukumbi mmoja wa jijini nilikatiwa picha katikati bila maelezo wala radhi, lakini jioni za Ngome Kongwe sijazisahau hata moja.

Juzi dada alinipigia. Walikuwa wamemaliza Vuta N'Kuvute, na mtoto wa kati, mwenye miaka 12, alikuwa amemuuliza swali lililomshinda: Ng'ambo ni ng'ambo ya nini, mbona Yasmin hakuvuka maji? Nilimwomba anipe mtoto mwenyewe. Nikamwambia zamani palikuwa na mkono wa bahari uliougawa mji, unajaa na kupwa, na watu walikuwa wakivuka kwa daraja kwenda upande wa pili. Mkono ule ulifukiwa kidogokidogo, na leo juu yake imepita Barabara ya Benjamin Mkapa. Daraja lenyewe halipo, ila soko lililo pale tunaliita Darajani, na upande ule tunauita Ng'ambo mpaka kesho. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tukienda Desemba nitampeleka asimame mahali palipokuwa na maji.